Mnanaa, Mnanaha

Herufi moja tu. Mnanaa ni ule wa kutia kwenye chai na juisi ya ndimu. Mnanaha una maua marefu kama tarumbeta na tunda la miiba, na hujiotea kwenye viwanja vya taka. Ukiula unaona vitu visivyokuwepo, ukizidi, unaua. Mwaka 2019 kule Karamoja, Uganda, watu watano walifariki na mamia wakaugua baada ya kula uji wa msaada. Vipimo vikaonyesha atropini na skopolamini, sumu zilezile za mnanaha.

Nimeacha chuo, sijaacha kusoma, kwa hiyo nilikwenda kwenye vitabu. Vipo vitatu: Common Poisonous Plants of East Africa cha Verdcourt na Trump (1969), Medicinal Plants of East Africa cha John Kokwaro (1976), na Traditional Food Plants of Kenya cha Patrick Maundu, Grace Ngugi na Christine Kabuye (1999). Sumu, dawa, chakula. Vyote kwa Kiingereza, lakini hilo tulizoea.

Ninachokipenda zaidi ni cha 1999. Kina michoro, kina majina ya mimea kwa lugha zetu nyingi, na kinaichukulia mboga ya bibi yangu kuwa elimu. Managu ya Nairobi, ambayo sisi Mombasa ni mnavu, inapata heshima yake.

Kinachonitatiza ni ule mgawanyo. Mmea haujui umewekwa rafu gani. Chukua mturituri: majani yake ni matamu, watu huyatafuna kwa kikohozi. Zile punje nyekundu zenye jicho jeusi, zinazotungwa shanga, ukizitafuna zinaua. Sasa hiyo ni rafu gani? Mnavu nao, majani ni mboga, tunda bichi lina sumu. Tena mnavu, mnanaha, nyanya na biringanya ni ukoo mmoja! Mwenye kitabu cha chakula peke yake anajua ale nini, hajui akwepe nini.

Mvua zilizopita nilichuma mnavu mchanga nyuma ya nyumba, Kibokoni. Nikaupiga picha, simu ikanipa majina mawili: mnavu kwanza, Datura pili, yaani mnanaha. Nikachagua la kwanza, si ndilo lililokuwa juu? Bibi alichukua majani machache, akayafikicha, akanusa. Akamwaga kikapu kizima. Nilikuwa nimechanganya yote mawili, na kupika hakuiondoi sumu ile.

"Hukunusa?" aliniuliza. Sikunusa. Hakuna aliyewahi kuniambia ninuse, na simu haina pua.

Baadaye nilimuuliza mama mmoja anayeuza mboga Marikiti anatofautisha vipi. Aliona swali la kijinga, lakini akanipa jani nifikiche, akanionyesha na ua: la mnavu ni dogo, jeupe, lina manjano katikati. Dakika mbili, kwisha.

Akina Kokwaro na Maundu wamefanya kazi ngumu, na sidai waifanye upya. Ninachotaka ni kitabu cha Kiswahili kinachopanga mimea kwa kufanana: mnavu ukurasa wa kushoto, mnanaha wa kulia, jani kwa jani, ua kwa ua, na harufu iandikwe. Kiwe kidogo, kiingie kwenye kikapu.