Alice Kober na Miisho ya Maneno ya Linear B
Sifa za kufumbua Linear B, hati ya Kigiriki cha kale, humwendea Michael Ventris, msanifu majengo aliyetangaza ufumbuzi wake mwaka 1952. Simulizi hiyo inapunja. Jedwali la Ventris liliegemea hoja ya Alice Kober, aliyefariki mwaka 1950: alama tofauti mwishoni mwa neno zaweza kuchangia konsonanti moja, zikaachana kwa irabu tu. Aliionesha bila kukisia sauti. Mzungumzaji wa Kipimbwe kule Katavi hahitaji Kigiriki kuielewa: lau Kiswahili kingeandikwa kwa hati ya silabi, *soma*, *asome* na *hasomi* yangeishia alama tatu zisizofanana. Walakini, Kober alitazama miisho. Ngeli za Kibantu zingemlazimu aanzie mwanzoni mwa neno.