Shauri la Nani? Hiari ya Mhusika katika Riwaya ya Pumwani

Suala la hiari, yaani uwezo wa mtu kutenda jambo ambalo angeweza kutolitenda, hudhaniwa kuwa ni la wanafalsafa na wanadini peke yao. Hata hivyo, kila mhakiki amlaumuye au amsifuye mhusika huwa amekwisha kulijibu, aghalabu bila kujua. Riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye, Coming to Birth (1986), yafaa kulipima jibu hilo.

Paulina, msichana wa miaka 16, anawasili Nairobi kwa gari la moshi mwaka 1956 kumfuata mumewe, Martin, mtaani Pumwani. Nchi ingali katika Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Mimba yake inaharibika. Atokapo hospitali anapotea njia, na afikapo nyumbani mumewe anampiga.

Uhakiki unaoegemea jamii una jibu tayari: Martin ni zao la mji wa kikoloni. Chumba kimoja, ujira mdogo, vibali na misako ndivyo vilivyouinua mkono wake. Hoja hii ina ukweli mwingi, lakini inathibitisha mno. Ikiwa mfumo ndio uliompigia Martin mkewe, basi ni mfumo huo huo uliomfunza Paulina ushonaji, ukamwezesha kujitegemea, na kumsimamisha tena baada ya mwanawe kuuawa kwa risasi Kisumu mwaka 1969. Hakuna msomaji makini atakayekubali hayo. Mhakiki hawezi kumwondolea mmoja hatia kwa hoja inayomnyang'anya mwingine sifa.

Lugha ya mitaa hiyo yenyewe ina busara zaidi. Jirani ya Pumwani upo mtaa uitwao Shauri Moyo. Katika Kiswahili cha bara, neno shauri hubeba maana mbili. Asemaye "shauri yako" humwachia mwenziwe uamuzi pamoja na lawama zake. Asemaye "shauri ya njaa" hutaja sababu tu. Msemaji yule yule huzitumia zote mbili wala hajioni kuwa amejipinga. Kwake, kuitaja sababu ya tendo si kumfuta mtendaji.

Hivyo ndivyo riwaya hii inavyoiona hiari. Paulina haingii mjini akiwa nayo kamili. Anajifunza njia, kazi na kusema na watu, na kwa kadiri anavyojifunza ndivyo mambo anayoweza kuyachagua yanavyoongezeka. Umaskini unaupunguza uwanja wa hiari, lakini hauufuti. Kasoro ya mwandishi ni kwamba mageuzi ya Martin yamepewa nafasi finyu kuliko ya mkewe, hata msomaji akashawishika kumwona kama mtu aliyebadilishwa na miaka tu.

Jambo hilo lina uzito, kwani mwishoni wawili hao wanaishi tena pamoja, na Paulina ni mjamzito. Kama hakuna hata mmoja wao aliyeweza kutenda vinginevyo, upatanisho huo hauzidi magogo mawili yaliyosukumwa na mto hadi ufuko mmoja. Pasipo hiari, hatia hutoweka. Lakini msamaha nao hutoweka, kwa kuwa hapana wa kusamehewa wala wa kusamehe. Uhakiki unaomtetea maskini kwa kumvua hiari yake humpokonya kitu ambacho hata mkoloni hakuweza kukitwaa chote.