"Jambo Bwana": Kiitikio Kilichovuka Bahari

Baadhi yetu huwaambia wanafunzi kwamba wimbo wa dansi si fasihi, eti kwa kuwa mdundo wake umetoka ng'ambo na maneno yake ni mepesi. Makala haya yanapinga dai hilo, lakini hayasemi kuwa kila wimbo ni mzuri. Swali letu ni hili: wimbo wa namna hii tuupime kwa kigezo gani?

Tuanze na historia. Katika miaka ya 1930, santuri zenye muziki wa Kuba, zilizojulikana kwa alama ya GV, zilianza kuuzwa Afrika. Wasikilizaji wengi hawakujua Kihispania. Walichoshika ni mdundo na kiitikio. Wala muundo huo haukuwa mgeni: mtindo wa mmoja kuimbisha na kundi kuitikia ulifika Kuba pamoja na Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Kwa hivyo mtahiniwa anayeandika "athari za kigeni" kisha akaweka kalamu chini amejibu nusu ya swali.

Mombasa nayo ilipokea rumba na chacha. Bendi iliyojulikana kote kwa jina la Them Mushrooms ilianza kwa jina la Avenida Success. Neno "avenida" ni la Kihispania, maana yake barabara pana. Jina jipya lilikuja mwaka wa 1972, na mwaka wa 1980 ikatoka "Jambo Bwana", utungo wa Teddy Kalanda Harrison.

Sasa ulinganishe wimbo huo na taarabu ya Mombasa. Juma Bhalo aliimba kwa mahadhi mengi ya filamu za Kihindi, lakini maneno mara nyingi yalikuwa tungo za Ahmad Nassir: mashairi yenye vina, mizani na urari. Hakuna anayeyaita ya kigeni. "Jambo Bwana" haufuati arudhi hizo. Una vipande vifupi, usemezano wa maamkizi na takriri nyingi. Ukiupima kwa mizani 16 utauona guni, na kumbe kosa ni la kipimo.

Tazama hadhira yake. Nafsineni ni mwenyeji, nafsinenewa ni mgeni aliyeshuka jana na hajui Kiswahili. Mwenyeji halisi wa Mombasa husema "Hujambo", akajibiwa "Sijambo". Hilo "Jambo" la kwenye anwani ni sajili ya hoteli, lugha iliyopunguzwa makusudi ili mgeni aimudu. Takriri humpa nafasi ya kuitikia kabla hajaelewa. Hapo ndipo penye uzito wa wimbo huu: kama Waafrika walivyoitikia nyimbo za Kuba bila kujua Kihispania, ndivyo mgeni anavyoitikia Kiswahili asichokijua. Mwaka wa 1983 Boney M, kundi la Ujerumani, walitoa toleo lao, na kiitikio kikavuka bahari tena.

Je, hakuna kasoro? Ipo. Lugha iliyopunguzwa hubeba maudhui yaliyopunguzwa. Wimbo unamkaribisha mgeni kwenye nchi isiyo na shida, lakini mpishi na mfagiaji wa hoteli hawana sauti ndani yake. Anayeuhakiki ataje yote mawili: ufanisi wa umbo, na kimya cha maudhui.

Mwalimu mwenzangu, somo hili linafaa kufundishiwa nyanjani. Wapeleke wanafunzi Feri, upande wa kisiwani, wanapopita wanaokwenda Likoni na wale wa hoteli za Diani. Wasikilize nyimbo zinazopigwa kwenye matatu na vibanda, kisha kwa kila wimbo waandike: nani anasema, anamwambia nani, kiitikio kinafanya kazi gani, na nani ameachwa nje.

Nawe mtahiniwa, usitosheke kuandika "ametumia takriri". Mtahini anaijua takriri. Mwambie inamfanyia nini msikilizaji. Ukizoea kuuliza hivyo, utaweza kuhakiki wimbo wowote utakaowekewa mbele yako, uwe wa unyago, wa taarabu au wa rumba.