Uhakiki wa Istilahi: "Msimbo wa Kubebeka"

Katika baadhi ya rasimu za istilahi za kompyuta tumekuta neno la Kiingereza "portable" limefasiriwa kuwa "-a kubebeka". Tafsiri hiyo yaifaa redio ya mkononi. Kwa programu, kwa maoni yetu, inapotosha. Yafaa tuipime kwa mfano halisi.

GMP, maktaba ya hesabu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991, hushughulikia namba ndefu mno. Namba hukatwa mafungu, na kila fungu, siku hizi aghalabu la biti 64, huhesabiwa kwa zamu. Katika tabaka la chini la maktaba hiyo, jalada moja lina msimbo wa lugha ya C, uwezao kutumika katika prosesa za kila jamii. Majalada mengine, kila moja kwa jamii yake ya prosesa, yana msimbo wa asembli. Maktaba inapojengwa, jalada la prosesa husika hutazamwa kwanza. Kisichopatikana humo huchukuliwa katika lile la C.

Mgawanyo huu una sababu. Mafungu mawili yakijumlishwa, huenda ikatokea moja ya ziada ya kupelekwa kwenye fungu lifuatalo. Prosesa za jamii ya x86 zina amri ya kujumlisha pamoja na moja hiyo. Lugha ya C haina alama ya kuitambua. Hivyo msimbo wake hulinganisha jibu na namba iliyojumlishwa, na jibu likiwa dogo zaidi, moja imepatikana. Jibu ni lilelile, ila hatua ni nyingi zaidi.

Je, ni msimbo upi "unaobebeka"? Yote miwili. Ule wa asembli nao waweza kunakiliwa na kupelekwa popote, lakini ukifika kwenye prosesa ya jamii nyingine haufai kitu. Sifa inayotafutwa, basi, si kubebwa, bali kufanya kazi baada ya kufika. Mtumishi wa serikali atakayeandika "programu ya kubebeka" katika masharti ya zabuni aweza kuletewa programu iliyofungwa na mashine ya namna moja, na muuzaji hatakuwa amevunja sharti.

"Msimbo wa jumla" nao hautufai, kwani katika hesabu "jumla" ni jibu la kujumlisha. Tunapendekeza "msimbo wa prosesa zote" na "msimbo wa prosesa maalumu". Ni istilahi ndefu kidogo, lakini hazimdanganyi msomaji.