Hodi Elfu Moja kwenye Mlango wa Printa

Miaka ya 1990, watu waliofunga printa kwenye kompyuta ya Linux walizoea kioja kimoja. Barua ya kurasa kadhaa ilitoka bila shida, lakini ukurasa mmoja wenye picha ulitoka kwa kusuasua: printa inanguruma, inanyamaza, inanguruma tena. Lawama zote ziliishia kwa printa, na mara nyingi ilisingiziwa.

Tupime mzigo kwanza. Ukurasa wa maandishi matupu ni kilobaiti mbili tatu tu, kwa sababu printa ina herufi zake, inatosha kutajiwa. Picha lazima ichorwe. Programu ya Ghostscript huigeuza kuwa nukta, na karatasi ya A4 yenye nukta 300 kwa inchi hubeba nukta kama milioni 8.7. Hata kwa nyeusi na nyeupe, bila kubanwa, hiyo ni zaidi ya megabaiti 1. Ukipandisha hadi nukta 600 kwa inchi, mzigo unakuwa mara nne.

Baiti hizo zote zilipita moja moja kwenye poti sambamba, chini ya usimamizi wa kiendeshi kiitwacho lp. Kwa kawaida kiendeshi hiki kilikuwa mgeni wa kupiga hodi. Kwetu hodi ni tatu. Chenyewe kilijaribu kukabidhi baiti moja mara 1000, na printa isipoitikia, kililala kwa mapigo 10 ya saa ya mfumo, yaani sehemu ya kumi ya sekunde kwenye kompyuta nyingi za wakati huo.

Barua haikuguswa na desturi hiyo, maana iliweza kuingia kwenye kumbukumbu ya printa bila kuijaza. Picha iliijaza mara kwa mara. Printa ilifunga mlango, ikachapa kidogo, ikafungua, ikamkuta mgeni kalala. Akilala mara 600 katika ukurasa mmoja, dakika nzima imepotea bila yeyote kufanya kazi.

Dawa ilikuwa amri ya tunelp. Swichi ya -t ilipunguza usingizi. Ukiweka 0, kiendeshi hakikulala kabisa, ila prosesa ilibaki imeganda mlangoni. Swichi ya -i ilikuwa ya kiungwana zaidi: kwa -i 7, printa yenyewe ilitoa ishara ya “karibu” kupitia laini namba 7, na prosesa iliendelea na shughuli nyingine hadi iitwe. Tahadhari ni kwamba kadi za sauti nazo zilipenda namba hiyo ya 7, na kwa poti isiyotoa ishara uchapaji ulisimama kabisa. Hapo -i 0 ilirudisha utaratibu wa hodi.

Kabla ya kugusa swichi yoyote, fungua top, inayoonyesha nani anatumia prosesa, wakati printa inachapa. Ukiona Ghostscript inakula prosesa yote, shida iko kwenye kuchora, basi punguza nukta. Prosesa ikikaa bure huku printa ikisita, shida iko mlangoni.

Aliyeruka hatua hiyo akakimbilia kununua prosesa yenye kasi alinunua mgeni mwenye mkono mwepesi zaidi. Hodi zake 1000 ziliweza kwisha mapema kuliko zamani, na usingizi wake ulibaki uleule.