Trela Huanza Kuuzwa Paani

Trela la safari huoza kuanzia juu. Mnunuzi huingia mlangoni, akakagua makochi, akafungua makabati, akajilaza kidogo kitandani kupima godoro. Fundi anayejua kazi huegemeza ngazi ukutani na kupanda paani kwanza, kwa sababu huko ndiko maji yanakoingilia, na maji ndiyo yanayoamua kama chombo hiki kitapata bei ya heshima au kitaishia kuvunjwa vipande.

Nazungumzia zile nyumba ndogo za kuvutwa na gari ambazo Wamarekani huenda nazo likizo: vitanda, jiko la gesi, friji, choo na matangi ya maji, vyote vimekaa juu ya ekseli moja au mbili. Nyingi huundwa kaskazini mwa jimbo la Indiana, katika mji wa Elkhart na miji ya jirani. Zinazojulikana zaidi duniani ni zile za alumini inayong'aa za Airstream, kampuni iliyoanzishwa na Wally Byam mwaka 1931. Byam huyo ndiye aliyeongoza msafara wa matrela kutoka Cape Town hadi Kairo mwaka 1959 na 1960, wakapita Kenya na Ethiopia, kwa hiyo hata barabara zetu zimewahi kuyabeba. Trela likitunzwa huweza kupita mikononi mwa wenyewe watatu au wanne. Kati ya mwenyewe mmoja na mwingine yupo mtu anayeliandaa, na kazi yake inastahili kutazamwa kwa utulivu.

Turudi paani. Matrela mengi ya siku hizi yameezekwa kwa utando wa mpira uliogundishwa juu ya plaiwudi. Utando huo umetobolewa kila mahali: feni, kiyoyozi, kidirisha cha kuingizia mwanga, bomba la kupumulia la tangi la choo. Kila tundu limezungushiwa gundi laini ya kuzibia. Jua la kiangazi huikausha, barafu ya Januari huipasua. Fundi huosha paa kwa sabuni, akasubiri likauke, kisha hutambaa kwa magoti huku akipitisha ukucha wa kidole gumba kwenye kila ukingo. Ufa mwembamba kama unywele, ambao jicho lingeuruka, ukucha hunasa.

Hapo ndipo subira inapoanza kuonekana. Asiye na subira hununua mkebe wa gundi na kumimina juu ya kila kitu. Fundi hubandua ile iliyolegea tu, tena kwa kisu cha plastiki, maana chuma kingechana mpira. Iliyoshika bado huisafisha na kuiacha. Kwenye sehemu tambarare huweka gundi inayojitandaza yenyewe; kwenye kuta hutumia nyingine nzito zaidi, kwa kuwa ile ya kwanza ingeteremka. Silikoni ya kawaida ya bafuni haigusi kabisa: ikishakaa, hakuna gundi nyingine itakayoshika mahali pale, hata silikoni mpya. Aliyewahi kumwona fundi wa jahazi akitia kalafati, akishindilia pamba kwenye mwanya baada ya mwanya bila kuruka hata mmoja, anaifahamu roho ya kazi hii.

Baada ya paa, fundi huyatafuta maji yaliyokwisha kuingia. Maji yana hila: huingilia kwenye taa ya nyuma, yakateleza ndani ya ukuta, doa likajitokeza karibu na kitanda. Kwa hiyo hachukui doa kuwa jibu. Huchukua kipima unyevu chenye sindano mbili na kuchoma mahali pasipoonekana, ndani ya makabati, chini ya madirisha, pembe zote nne. Mbao ikisoma chini ya asilimia 15, huendelea. Ikipita 20, husimama na kuuliza sababu.

Lipo jaribio moja ninaloliona kuwa la kupendeza kuliko yote. Fundi hufunga madirisha na milango, akaziba matundu ya paani isipokuwa moja, na katika hilo moja hufunga feni yenye nguvu inayosukuma upepo ndani. Trela hujaa pumzi kidogo tu. Kisha hutoka na ndoo ya maji ya sabuni na kupaka kila kiungo: pembe, fremu za madirisha, skrubu za taa. Husubiri. Mahali pazima, povu hutulia na kukauka. Mahali penye tundu, mapovu madogo huanza kuchipuka yenyewe, moja baada ya jingine, kwenye skrubu ambayo kwa macho haikuwa na kasoro yoyote. Fundi huweka alama kwa chaki na kuendelea. Trela limelazimishwa kusema linapovuja, na limesema bila kubomolewa ubao hata mmoja.

Ikigundulika mbao imeoza, njia za haki ni mbili: kufungua ukuta na kubadilisha mbao, au kuliuza trela kwa bei pungufu na kueleza kwa nini. Njia ya tatu ipo na wengi huipita. Hubandika karatasi mpya ya ukutani juu ya ubao uliolainika, wakatandika zulia juu ya sakafu inayobonyea. Mtu wa namna hiyo ameficha trela, hajaliandaa. Miezi michache baadaye ukuta hufura, na hasara yote huiangukia familia iliyotoa akiba yake.

Chini ya trela kuna kazi nyingine isiyoonekana kwenye picha za mauzo. Tairi la trela hufa likiwa limesimama. Kashata zake zinaweza kuwa nzima kabisa huku mpira ukiwa umechakaa kwa jua na kwa kubeba uzito mahali pamoja misimu mizima. Fundi husoma tarakimu nne za mwisho za namba iliyochapwa ubavuni: 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Tairi likipita miaka mitano au sita, mafundi wengi hulibadilisha bila kubishana nalo.

Kisha hufungua magurudumu na kutoa beringi. Huosha grisi ya zamani yote, akazikausha, akaziinua kwenye mwanga akitafuta rangi ya bluu inayoachwa na joto, au vishimo vidogo kwenye chuma. Ikiwa nzima, huweka donge la grisi mpya kwenye kiganja cha mkono mmoja, na kwa mkono mwingine huikandamiza beringi kwa ukingo wake mpana, tena na tena, mpaka grisi itokeze upande wa pili katikati ya vyuma vinavyoviringika. Huizungusha kidogo na kurudia, mpaka mzunguko wote umeshiba. Mashine ya kujaza grisi ipo, lakini mafundi wengi hupenda kiganja, kwa kuwa kiganja huhisi punje ya mchanga iliyosahaulika.

Ndani, friji ndiyo inayotaka elimu zaidi. Friji nyingi za matrela yaliyotumika hazina mota. Zinatumia mbinu iliyobuniwa na wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922: mwali mdogo wa gesi huchemsha mchanganyiko wa amonia na maji, na mzunguko wa amonia hiyo ndio unaoondoa joto ndani ya kabati. Vimiminika hurudi vilikotoka kwa kuteremka tu, ndiyo maana trela lazima likae sawasawa. Fundi huweka pimamaji sakafuni kabla ya kuwasha, na huwasha siku moja kabla ya mnunuzi kufika, kwa sababu friji hii huchukua saa nyingi kupoa. Nyuma yake huondoa utando wa buibui kwenye kichomea gesi, na hutafuta unga wa njano kwenye mabomba. Akiuona, anajua bomba limepasuka na friji imekwisha.

Viungo vya gesi navyo hupakwa maji ya sabuni. Kwa maji ya kunywa na kuogea, husafisha tangi kwa dawa ya klorini, akasuuza, akawasha pampu, akafunga koki zote na kutega sikio. Pampu ikinguruma tena bila mtu kufungua koki, kuna kiungo kinachovuja, na hatalala mpaka amekipata. Baridi ikikaribia, hutoa maji yote mabombani na kuingiza kile kimiminika cha waridi kisichoganda, kwani maji yakiganda ndani ya bomba hulipasua.

Usafi na polishi huja mwisho. Hafukizi manukato, maana mnunuzi mzoefu akinusa marashi hushuku ukungu.

Tunapenda kusema kizuri chajiuza. Trela lililotumika haliwezi, kwa kuwa uzuri wake wa kweli umejificha chini ya mpira wa paa na ndani ya habu za magurudumu. Lazima mtu auonyeshe. Ndiyo maana fundi hodari hupiga picha mchana kweupe, pamoja na mikwaruzo. Hulinganisha herufi na tarakimu 17 za utambulisho wa chombo na zile za hati ya umiliki. Humwonyesha mnunuzi kibandiko cha uzito, ili ajue kama gari lake linaweza kuvuta mzigo huo bila kuhatarisha watoto waliomo.

Halafu humkabidhi karatasi mbili. Ya kwanza inaorodhesha yaliyofanywa, tarehe zake na risiti. Ya pili inaorodhesha ambayo hayakufanywa: kidirisha kitakachohitaji gundi mwakani, betri iliyobakiza msimu mmoja, mlango wa kabati unaokwama. Karatasi hiyo ya pili humpunguzia pesa mezani, naye huiandika kwa hiari. Katika yote anayoyafanya, ndiyo ninayoiheshimu kuliko polishi, grisi na gundi, kwa kuwa ndiyo inayofanya ile ya kwanza iaminike. Msomaji anayeishi Marekani na anayewaza kununua trela aiombe kabla ya kuuliza bei. Muuzaji aliyeifanya kazi kwa haki ataitoa bila kusita.