Ghala la Harmondsworth na Sifa Lililopewa

Katika kijiji cha Harmondsworth, magharibi ya London, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, lipo ghala moja la mbao, kubwa kupita kadiri. Urefu wake ni karibu meta 58, upana wake meta 11 na zaidi, na kutoka sakafuni hata kilele cha paa ni kama meta 11. Lilijengwa mwaka 1426 na 1427, nalo lingali limesimama, na sehemu kubwa ya mbao zake ni zile zile za kwanza. Mshairi John Betjeman, aliyefariki mwaka 1984, aliliita Kanisa Kuu la Middlesex, kwa kuwa kijiji hicho zamani kilihesabiwa katika jimbo la Middlesex. Tangu hapo waandishi hawachoki kuyarudia maneno hayo, kama kwamba sifa yote imekwisha kusemwa. Nataka kuipima sifa hiyo, maana naiona ni heshima iliyotolewa kwa moyo mwema lakini ikakosa shabaha.

Sababu ya kulinganisha haifichiki. Nguzo za mwaloni zimepangwa safu mbili kutoka mwisho mmoja hata wa pili. Katikati imebaki nafasi pana iliyoinuka, na kando zote mbili zimebaki njia nyembamba chini ya mteremko wa paa. Kenchi kumi na tatu zinalibeba paa la vigae, na kati yake zimo nafasi kumi na mbili. Ni umbo la makanisa makubwa ya zamani. William Morris naye, yule fundi na mwandishi aliyeanzisha mwaka 1877 chama cha kuyahifadhi majengo ya kale, alilipenda mno ghala la Great Coxwell, lililojengwa kwa mawe na watawa wa Beaulieu zaidi ya miaka mia moja kabla ya hili, na yeye pia akalilinganisha na kanisa kuu. Basi Betjeman hakuwa wa kwanza.

Lakini tuangalie jinsi kazi ilivyokwenda ndani. Kanisa lina kichwa, ndiyo altare, na kila nguzo yaupeleka moyo wa mtu huko. Ghala halina kichwa. Nafasi ya kwanza ina daraja moja na ya kumi na mbili, wala hakuna mahali ndani yake palipo patakatifu kuliko pengine. Tena hakuingiwa kwa mwisho wake. Milango yake mikubwa ni mitatu, yote ubavuni upande wa mashariki. Gari la miganda liliingia kwa ubavu, likashushwa kulia na kushoto. Huko Great Coxwell pia milango ya asili ni ya ubavuni, ikikabiliana, na ile mikubwa ya miisho iliongezwa baadaye. Katika maghala mengi ya Uingereza milango ya kukabiliana ilikuwa na faida nyingine: kati yake palikuwa na sakafu ya kupuria, na upepo uliopita katikati ulichukua makapi. Kwa hiyo yule asimamaye mwishoni na kustaajabia urefu anasimama mahali pa mpiga picha, si mahali pa mvunaji.

Hata nguzo hazikuwekwa kwa ajili ya utukufu. Mjenzi wetu ye yote wa kijijini ataelewa: boriti isipofika, huongezwa nguzo. Seremala alitaka upana wa meta 11, na mti wa kuvuka upana huo bila kuegemezwa ni adimu na ni mzito; ndipo akasimamisha safu mbili, akalaza mtambaapanya juu yake, akashusha makombamoyo mpaka kwenye kuta fupi za kando. Miguu ya nguzo ameipandisha juu ya mawe, isinyonye unyevu wa udongo. (Sisi tungesema mchwa, kule adui ni maji.) Tena ilikuwa desturi ya maseremala wa Kiingereza kuigeuza nguzo, shina likawa juu na ncha chini, kwa sababu shina ni nene, na juu ndipo zinapokutana mtambaapanya na boriti ya kukingama, kila moja ikidai mbao za kuchongewa tundu lake. Uzuri wa nguzo kama hizo, unene ule uliotanuka kama bega la mtu aliyebeba mzigo, umetoka katika hesabu ya tundu na ulimi. Napenda kulisifu hilo kuliko kulikopea ghala jina la kanisa.

Kuna jina jingine la kuazima: wengi huliita ghala la zaka. Si kweli. Shamba lote lilinunuliwa mwaka 1391 na William wa Wykeham, Askofu wa Winchester, ili mapato yake yaitunze skuli aliyoianzisha katika mji huo mwaka 1382. Ngano na shayiri zilizowekwa humo zilikuwa mali ya mwenye shamba, wala hazikuwa fungu la kumi la mkulima maskini. Ni vema kulijua hilo, maana jina la zaka humfanya msomaji aione dini katika kila boriti, naye asiuone ukabaila uliokuwa mlangoni ukihesabu miganda.

Sasa nafika kwenye neno lililonisukuma kuandika. Ule ukubwa unaowashangaza wageni, ule mwanga mdogo unaopenya kati ya nguzo, kimya kile, vyote vyaonekana kwa sababu ghala ni tupu. Waliolijenga hawakukusudia lionekane hivyo. Baada ya mavuno miganda ilijazwa kuelekea paani, na nguzo zikamezwa. Majira yote ya baridi watu walipura kwa magongo, kidogo kidogo, na kadiri walivyopura ndivyo nguzo zilivyotokeza. Kufika Juni na Julai, kabla ya mavuno mapya, ndipo ghala lilipofanana na hilo alilolisifu mshairi. Lakini huo ulikuwa wakati wa kuhesabu vibaba. Sisi ambao tumewahi kukigonga kihenge kwa kiganja tukasikia kikilia, twajua sauti ile haimkumbushi mtu kanisa. Mshairi alisifu utupu, na utupu ndio walioukimbia waliokata mialoni ile.

Simlaumu sana. Kilimo kililiacha ghala katika miaka ya 1970, na sheria iliyolilinda, ambayo mzizi wake ni sheria ya mipango ya mwaka 1947, hulinda mbao na vigae. Nafaka haiwezi kuilinda. Ghala limewekwa katika daraja la kwanza, yaani mwenye mali hana ruhusa ya kulibomoa wala kuligeuza bila idhini. Maghala mengi ya daraja za chini yamegeuzwa nyumba za kuishi: yamepasuliwa madirisha, yakatandikwa sakafu ya juu, na ile nafasi moja kubwa ikakatwa vipande kama mkate. Heri tupu kuliko hivyo.

Hata hivyo sheria huuzuia mkono ubomoao upesi kuliko imwamshavyo mwenye mali aliyelala. Mwaka 2006 ghala hili liliuzwa kwa pauni moja kwa kampuni iliyosajiliwa Gibraltar, likaachwa livuje. Mwaka 2009 shirika la English Heritage lililazimika kuingilia ili lifanyiwe matengenezo ya haraka, na mwaka 2012 likalinunua kwa pauni 20,000. Bei ya motokaa! Paa likatengenezwa.

Sasa hofu imegeuka sura. Bunge liliidhinisha mwaka 2018 sera ya kujenga njia ya tatu ya ndege Heathrow, na Januari 2025 serikali ikatangaza tena kuiunga mkono. Kwa mpango wa 2018 sehemu kubwa ya kijiji ingevunjwa, na ghala lingeachwa karibu kabisa na mpaka wa uwanja. Wenye mpango waweza kusema kwamba jengo limehifadhiwa, nao kwa hesabu ya mbao na vigae hawatakuwa wamesema uongo. Kanisa kuu laweza kusimama peke yake na bado likawa kanisa, maadamu mtu mmoja aingia kusali. Ghala lisilo na shamba wala kijiji ni kitu gani? Hapo ndipo jina la Betjeman linapoleta madhara, maana limewazoeza watu kuona kwamba ghala lajitosheleza.

Kwa sasa hufunguliwa baadhi ya Jumapili katika miezi ya joto, na wenyeji wenye kujitolea huwapokea wageni. Atakayejaliwa kufika asikimbilie mwishoni. Aingie kwa mlango wa kati, ageuke, autazame upana wa mlango wenyewe, uliokatwa kwa kipimo cha gari lililojaa.